Nani Aliikagua Mashua?

Baba yangu alikuwa na mashua iliyomzidi umri. Aliinunua Lamu ikiwa tayari imepita mikono mitatu, na kila mwaka ilimla pesa: pamba ya kutia kalafati, sifa ya kupaka mbao, misumari, makuti makavu ya kuichoma chini ili wadudu wafe. Kila asubuhi kabla ya kutweka tanga alifanya mambo matatu, na hakuwahi kuruka hata moja.

Kwanza aligonga mbao, moja baada ya nyingine, kwa mpini wa kisu, huku ameinamisha sikio. Ubao mzima hulia mkavu. Ubao uliooza hujibu kwa sauti nzito, kama mtu anayezungumza amejifunika blanketi. Pili aliangalia ngama, yale maji yanayokusanyika chini ya chombo. Hakuangalia kama yapo, maana chombo cha mbao kisichovuja hata tone hakijawahi kuundwa. Aliangalia yameongezeka kiasi gani tangu jana. Tatu aliipitisha henza mkononi, kamba inayopandisha foromali na tanga, kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, hasa pale inapopita kwenye kapi. Kwenye mashua yetu kamba hiyo hiyo ndiyo iliyoushikilia mlingoti kwa upande wa nyuma. Ikikatika kwenye upepo, foromali inawaangukia watu, na mlingoti huenda ukaifuata.

Kuna siku moja, kusi likiwa limechachamaa, akina mama wa mtaa wetu walitaka kupelekwa harusini Faza. Walikuwa wamevaa, wamejifukiza, wamebeba mabakuli ya mapochopocho. Baba akapitisha henza mkononi, akafika mahali akasimama. Palikuwa pamelainika. Hakuwa na kamba mpya wala pesa ya kuinunua siku ile. Akasema leo hatuendi.

Walimtukana kistaarabu, vile akina mama wa Lamu wanavyojua. Kisha wakapanda mashua ya mtu mwingine, ambayo sisi watoto wa pwani tulijua ni mbovu kushinda yetu. Wakaenda. Wakafika. Wakaimba, wakala, wakarudi kesho yake na hadithi. Kwa wiki nzima baba aliitwa mwoga.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na kitu, na niliona aibu kwa niaba yake. Nikamwambia, "Baba, si walifika?" Akanijibu bila kuinua kichwa kwenye kazi yake: "Kufika si ushahidi, mwanangu."

Sikumwelewa. Nilikuja kumwelewa Dadaab, mahali ambapo hakuna bahari.

*

Kuna Mwingereza mmoja, mwanahisabati, aliyeitwa W. K. Clifford. Mwaka 1877 alichapisha insha kuhusu maadili ya kuamini, na aliianza kwa hadithi ya meli kuukuu. Mwenye meli anakaribia kuituma baharini ikiwa imejaa wahamiaji. Anajua imezeeka, anajua imetengenezwa mara nyingi, na wasiwasi unamkwaruza moyoni. Kuifanyia ukaguzi ni gharama. Basi anaanza kujituliza: imeshaenda safari nyingi ikarudi, Mungu hawezi kuziacha familia hizi zinazotafuta maisha, na si vyema kuutilia shaka uaminifu wa mafundi walioiunda. Pole pole anaamini. Anaamini kwa dhati kabisa. Anaipungia mkono ikiondoka, na inapozama katikati ya bahari bila kuacha msimuliaji, anapokea fidia ya bima.

Clifford anauliza: huyu ana hatia? Anajibu kwamba anayo, na kuamini kwake kwa dhati hakumwokoi, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini vile. Hakuipata imani yake kwa kuchunguza. Aliipata kwa kuzima maswali. Halafu anakwenda hatua moja zaidi: tuseme meli ile ilifika salama, safari ile na nyingine nyingi baada yake. Hatia inapungua? Haipungui hata kidogo. Tofauti ni kwamba tu hakugunduliwa.

Nilipoisoma hiyo sehemu niliweka simu chini. Manze, huyo ni baba yangu, nikajisemea. Huyo ni mzee wa Lamu aliyesoma madrasa na shule ya msingi, anayesema maneno ya msomi wa London kwa maneno matatu.

Clifford hakuwa anatunga hewani. Miaka hiyo ya 1870 Uingereza ilikuwa na kelele nyingi juu ya meli mbovu zilizojazwa kupita kiasi, na mbunge Samuel Plimsoll alipigana hadi sheria ya mwaka 1876 ikalazimisha meli zichorwe alama ubavuni ya kuonyesha mwisho wa kupakia. Na Clifford mwenyewe alishawahi kuvunjikiwa na meli. Mwaka 1870 alikuwa katika msafara wa wanasayansi waliokwenda kutazama kupatwa kwa jua, na chombo chao kikaharibika kwenye pwani ya Sicily. Aliokoka. Nayataja maji hayo ya Sicily kwa sababu tutarudi hapo.

Sisi Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama Mombasa, mita chache kutoka nchi kavu, ikaua watu 272. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, imebeba watu wengi kupita kibali chake. Katika kila msiba wa namna hii, siku moja kabla, chombo kilikuwa kimefika. Na kule kufika ndiko kulikohesabiwa kuwa ukaguzi.

*

Sasa twende Ifo.

Nilifundisha sekondari Dadaab, kilomita kama 100 kutoka Garissa mjini, kwenye mchanga mwekundu na miba. Usiku mmoja baada ya prepu kijana wa Form Four alinifuata nje. Alikuwa mzuri wa fizikia, mkimya, na Kiswahili chake kilinishangaza tangu siku ya kwanza kwa sababu kilikuwa na ladha ya pwani. Bibi yake ni mtu wa Barawa, na Wabarawa wana lugha yao, Chimiini, iliyo ndugu wa Kiswahili chetu.

Aliniambia, "Mwalimu, mimi mwaka huu naenda."

Sikuhitaji kuuliza wapi. Huku kuna neno, tahriib: Sudan, jangwa, Libya, halafu bahari. Na kuna neno jingine, buufis, hamu ya kuhamishiwa nchi ya mbali inayomkalia mtu kifuani mpaka inakuwa ugonjwa. Wanaoijua lugha wanasema neno hilo limetokana na kupuliza, kujaza hewa. Mtoto wa nahodha kama mimi anaona tanga lililojaa upepo wakati chombo bado kimefungwa nanga.

Nikafanya kile ambacho mwalimu yeyote angefanya. Nikamtajia Samia Yusuf Omar, msichana wa Mogadishu aliyekimbia mita 200 kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, akazama mwaka 2012 akijaribu kufika Italia. Nikamtajia Lampedusa, tarehe 3 Oktoba 2013, watu 368, wengi wao Waeritrea na Wasomali. Nikamweleza zile boti zilivyo: mbao za kuvulia samaki zilizochoka, au mpira wa kujazwa upepo, watu juu ya watu. Nikamwambia kuhusu baba yangu na henza. Nikamwambia kuhusu Clifford.

Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema: "Mwalimu, bibi yangu alitoka Barawa mwaka 1991 kwa mashua. Usiku. Watu wenye bunduki walikuwa mtaa wa pili. Unataka angegonga mbao kwanza?"

Nikanyamaza.

"Angekaa kuikagua, mimi singezaliwa. Aliamini tu. Na alifika Mombasa."

Hoja hii ni nzito na sitaki kuipita haraka. Mwanafalsafa wa Marekani William James aliitoa mwaka 1896, akimjibu Clifford waziwazi. Alisema kuna maamuzi ambayo ni ya lazima, ni makubwa, na ushahidi hauwezi kuyamaliza. Hapo kusubiri ushahidi nako ni kuamua. Anayesema "nitaamini nikishahakikisha" akiwa ufukweni Barawa mwaka 1991 ameshachagua kubaki, na kubaki kuna gharama yake. Kwa mtu kama huyo, James anasema, kuna haki ya kuamini kabla ya kuhakikisha.

Nakubali. Yule bibi hakukosea. Lakini nadhani pia hakuiamini mashua. Mtu anayeruka dirishani nyumba ikiungua haamini kwamba ardhi ni laini. Anajua ni ngumu, anaruka akijua. Kuna tofauti kati ya kupanda chombo kibovu ukijua ni kibovu, kwa sababu nyuma yako kuna moto, na kujidanganya kwamba ni kizima kwa sababu unataka sana kwenda. Wa kwanza amehesabu. Wa pili amekataa kuhesabu. Nje wanafanana, wote wawili wamekaa ubao mmoja. Ndani hawafanani hata kidogo.

Nikamwambia hivyo. Nikaongeza jambo ambalo naona Clifford hakuligusa vya kutosha: nani analipa. Kwenye hadithi yake mwenye meli anabaki nchi kavu, wengine wanazama. Wewe utakuwa abiria, ndiyo, unaweza kusema mwili ni wangu. Lakini tahriib ya siku hizi kijana anachukuliwa bila kulipa shilingi, kisha akifika Libya anafungiwa, na simu inapigwa nyumbani. Wasomali wamempa anayefanya kazi hiyo jina, magafe, yule asiyekosa. Anayelipa ni mama: anauza kibanda, anauza kadi ya chakula, anazunguka mtaa kwa mtaa akiomba. Kwa hiyo huendi peke yako. Umempakia mama yako kwenye chombo ambacho hajakiona, na hukumuuliza.

Hapo yeye ndiye aliyenyamaza. Nilidhani nimeshinda.

*

Lazima niseme kitu hapa kabla ya kuendelea, la sivyo nitakuwa mnafiki.

Aprili 2024, mafuriko ya Tana yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa, pale Kona Punda. Mabasi yaliishia upande huu, na watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Mimi nilikuwa narudi kazini. Nilisimama ukingoni na begi langu, maji ya rangi ya chai yakipita na matawi ya miti, na nikaiangalia mashua kama mtoto wa baba yangu. Ilikuwa imeshuka sana majini. Hakukuwa na boya la kuokolea hata moja nililoliona. Watu walikuwa wanaendelea kupanda.

Sikugonga ubao. Sikuuliza tuko wangapi. Nilijiambia, imeenda ikarudi tangu asubuhi. Nilijiambia, hawa vijana wanajua mto wao. Nikapanda. Tukafika.

Nyuma yangu hakukuwa na moto wala bunduki. Kulikuwa na usiku mmoja wa kulala Madogo na ujumbe wa kumtumia mwalimu mkuu. Tarehe 28 mwezi huo huo mashua moja ilipinduka hapo, na kuna watu hawakurudi nyumbani. Niliisoma habari hiyo nikiwa kitandani Ifo, na neno la baba likanijia. Mimi nilifika. Kufika si ushahidi.

*

Kijana aliporudi kwangu, siku mbili baadaye, alikuwa na swali lake. Ni wazi alikuwa amekaa nalo.

"Mwalimu, umesema nisipande chombo ambacho hakijakaguliwa. Sawa. Hiki nilichomo, nani alikikagua?"

Nikamuuliza chombo gani. Akazungusha mkono: mabati, ua wa miiba, mataa ya ofisi kwa mbali.

Basi tuhesabu naye. Ifo ilianza mwaka 1991, Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Zote tatu zilipangiwa watu 90,000. Mwaka 2011, wakati wa njaa ya Somalia, walikuwa wanakaribia nusu milioni. Ilisemwa ni ya muda. Kwa sababu ni ya muda, mtu hakutakiwa kujenga nyumba ya kudumu, na hawezi kwenda Nairobi bila kibali. Bibi yake aliishi kwanza kwenye kambi za Mombasa, zile za pwani zikafungwa katika miaka ya 1990, akaletwa huku. Mama yake amekulia hapa. Yeye amezaliwa hapa. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kambi itafungwa, mwaka 2017 Mahakama Kuu ikasema kufanya hivyo ni kinyume cha katiba. Mwaka huo huo wa 2017 majirani zake waliokuwa wameshafunga mizigo kwenda Marekani walirudishwa kwa sababu ya amri ya Trump. Mgao wa chakula umekatwa mara ambazo yeye haziweki tena akilini.

"Hii pia ni mashua kuukuu," akasema. "Wameitengeneza, wameitengeneza. Kila mwaka wanasema inatosha kwa sababu mwaka jana haikuzama. Na wewe kila Januari unasimama mbele ya Form One unasema, someni, mtafika."

Ningependa kusema nilikuwa na jibu. Sikuwa nalo, kwa sababu alichosema kuhusu mimi kilikuwa kweli.

Kila Januari nilisema hivyo. Na nilijua hesabu. Nilijua ni wangapi walifanya mtihani wa KCSE kwenye shule yetu kila mwaka, na nilijua ni wangapi walipata njia ya kuendelea. Mpango wa WUSC wa kuwapeleka wanafunzi wakimbizi vyuo vikuu vya Kanada ni wa kweli, na nimewaona kwa macho yangu vijana wakipanda gari la safari wakilia kwa furaha. Ni wachache. Ukiwaweka kando ya wale waliobaki, ni wachache mno. Wengine wanaishia kufundisha shule za humu humu kwa posho, siyo mshahara, na wengine wanakaa kivulini. Niliwahi kuanza kuandika idadi hiyo kwenye daftari, nikaacha katikati. Nilijiambia: mtoto anahitaji matumaini, siyo takwimu. Nilijiambia: si yule alifika? Si na yule mwingine? Majina ya waliofika niliyataja darasani kama dua. Ya wasiofika sikuyataja.

Yaani nilikuwa nimefanya kila hatua ya yule mwenye meli. Nilikuwa na wasiwasi, nikauzima. Nikaamini kwa dhati. Nikawapungia mkono. Na mwisho wa mwezi nikapokea mshahara wangu, nikaenda Lamu likizo.

Kuna watakaosema hii ni kujitesa bure. Matumaini siyo uongo, mwalimu hawezi kuwaambia watoto wa miaka kumi na minne kwamba mlango ni mwembamba. Nimelifikiria sana jambo hili. Naona kuna matumaini ya aina mbili, na tunayaita jina moja. Kuna yale yanayokuambia usitazame ngama. Na kuna yale ya baba yangu, ambaye aliamka kila siku kwenda kwenye mashua aliyojua inavuja, akayatazama maji, akachukua upo akayafua, kisha akatweka tanga. Mtu asiyetarajia kufika hafui maji. Lakini mtu asiyetaka kuyaona maji hawezi kuyafua.

Wiki iliyofuata niliandika hesabu ubaoni. Waliofanya mtihani mwaka uliopita, waliopata, waliopata nini, walioko wapi sasa, kwa kadiri nilivyoweza kujua. Darasa lilikaa kimya. Msichana mmoja akauliza, "Kwa hivyo tuache?" Nikamwambia hapana, nataka mjue mmepanda nini, na mjue mtafua maji wapi. Tukaanza kuongea kwa mara ya kwanza kama watu wazima: nani anajua kozi gani inasomeka kwa mtandao bila kibali cha kutoka, cheti gani kinamlisha mtu hapa hapa, nani ana ndugu wa kweli wa kumdhamini na nani ana hadithi ya ndugu. Si wote walifurahi. Mzazi mmoja alikuja kunilaumu kwamba nimemvunja moyo mwanawe. Sijui kama alikosea. Nilimwomba radhi kwa ukali wa siku ile, sikumwomba radhi kwa hesabu.

*

Yule kijana aliondoka baada ya mtihani. Hakuniaga. Mama yake alikuja shuleni kuuliza kama ninajua lolote, na baada ya wiki kadhaa akawa anajua yeye, kwa sababu simu ilipigwa. Nilichangia nilichoweza. Mtaa mzima ulichanga. Hakuna aliyesema kwa sauti kwamba pesa ile inalipia safari ya kijana mwingine.

Miezi mingi baadaye nilipata ujumbe wa WhatsApp kutoka namba ya Italia. Picha yake, amekonda, amevaa jaketi kubwa, nyuma yake ukuta wa manjano. "Nimefika, mwalimu." Yuko Sicily, kwenye kisiwa kile kile.

Nililia. Nawaambia ukweli, nililia nikiwa nimesimama nje ya ofisi ya walimu, kwa furaha isiyo na falsafa yoyote ndani yake. Nikamjibu alhamdulillahi mara tatu.

Jioni hiyo picha ilikuwa kwenye kila simu Ifo. Kesho yake darasani vijana wa Form Three walikuwa wananitazama wakitabasamu, na mmoja, wa dawati la mbele, akainua mkono.

"Mwalimu, si alifika?"

Nilikaa kitambo kabla ya kujibu. Nilitaka sana kumpa neno la baba, lakini nilikumbuka lilivyonipita mimi nilipokuwa na umri wake. Nikachukua chaki nikageukia ubao. Nikaandika jina la aliyefika, kwa sababu ni haki yake. Kisha nikawauliza wanitajie wengine walioondoka mwaka ule, wote, mmoja mmoja, na tukaanza kuandika.